Kabla hujabonyeza "Ingia kwa Google"

Kwenye steshenari za Ngamiani, hapa Tanga, kosa linalojirudia ni moja. Mtu anafungua tovuti ya maombi ya kazi, anabonyeza "Ingia kwa Google" kwa kuwa ni chapuchapu, anamaliza shughuli yake, anabonyeza "Toka" na kwenda zake. Ametoka kwenye tovuti tu. Google bado iko wazi kwenye kompyuta ile: barua pepe, picha, na kila tovuti aliyowahi kuiingia kwa kitufe hicho. Anayekalia kiti baada yake hahitaji nywila.

Kompyuta ikiwa si yako, fungua dirisha fiche, yaani lile lisilobakiza akaunti yako wazi ukilifunga: kwenye Chrome bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja, na ukimaliza funga madirisha fiche yote. Ukishasahau, shika simu yako: Akaunti ya Google, Usalama, Vifaa vyako, chagua kompyuta ile, ondoka.

Kitufe chenyewe si kibaya. Tovuti haipewi nywila yako. Google inaithibitishia kuwa ni wewe na kuipa jina, barua pepe na picha. Tovuti hiyo ikiibiwa, mwizi hapati nywila ya kujaribia kwingine. Ila funguo zote zinakaa mfuko mmoja: Septemba 2018 Facebook, yenye kitufe kama hicho, ilivamiwa, na funguo za kuingilia akaunti kama milioni 30 zikachukuliwa. Kwa hiyo tovuti za mapishi na mpira, bonyeza Google. Penye fedha au riziki yako, weka nywila ya peke yake, maneno manne au matano yasiyohusiana, mfano mkonge, kibatari, sufuria, ndoana. Usichukue haya. Jina la mtoto na mwaka aliozaliwa ndicho kitu cha kwanza kubahatishwa.

Lakini Gmail yenyewe ni yako kweli? Wengi walifunguliwa na fundi simu dukani siku waliponunua simu. Nywila anaijua yeye, pengine hata namba ya kurejeshea akaunti ni yake. Hapo hata nywila 20 tofauti hazikusaidii, maana "Nimesahau nywila" inapeleka ujumbe kwenye Gmail hiyohiyo. Badilisha nywila ya Gmail hiyo leo. Ya kurejeshea akaunti, weka namba yako unayoitumia kila siku, kwani laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na namba kupewa mtu mwingine. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani Google iombe uthibitisho mwingine baada ya nywila, kisha nakili kwenye karatasi namba 10 za akiba za kuingilia usipokuwa na simu, kila moja tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Karatasi ibaki nyumbani, isikae ndani ya kava la simu. Simu ikiibiwa inakwenda nayo.

Kwenye karatasi hiyohiyo andika kila tovuti na njia uliyojiandikishia. Ukijiandikisha kwa nywila halafu siku nyingine ukabonyeza Google, baadhi ya tovuti hukufungulia akaunti ya pili, tupu, na vyeti ulivyopakia vinabaki kwenye ile ya kwanza.