Injini ya pikipiki ya theluji kwenye ndege ya kujitengenezea: nguvu utapata, joto ndilo litakalokusumbua

Injini yangu ilishika, yaani pistoni ilikwama ndani ya silinda, wakati nashuka. Kupaa ndiko kila mtu hukaa roho juu, ila mimi hofu za siku hiyo nilikuwa nimeshazimaliza: nimerudisha mkono wa mafuta hadi karibu nusu, pua imeinama, uwanja nauona, na akilini nilikuwa nimeshatua. Mlio ukawa mwembamba ghafla, injini ikawa nyepesi kama imetua mzigo, kisha propela ikasimama wima mbele ya macho yangu. Nilitua kwenye majani kabla ya kuufikia uwanja, mzima, nikiwa nimeumia heshima tu. Nusu saa baadaye, injini ilipopoa, niliizungusha propela kwa mkono nayo ikazunguka kana kwamba haijui kilichotokea.

Naanza na hilo kwa sababu wanaoniuliza kuhusu injini hizi karibu wote huuliza nguvu. Je, nguvu za farasi 50 zitainua ndege ya mtu mmoja? Zitainua, tena vizuri. Sijapata hata mmoja aliyeniuliza kuhusu sindano ya kabureta.

Wazo lenyewe halina wazimu. Rotax ya Austria ilinunuliwa mwaka 1970 na Bombardier ya Kanada, watengenezaji wa pikipiki za theluji za Ski-Doo, na injini zake za mipigo miwili zilisukuma pikipiki za theluji kabla watu hawajaanza kuzifunga kwenye ndege ndogo. Modeli za 447, 503 na 582 ambazo marubani wa ndege nyepesi wanazijua kwa majina zina damu hiyo ya theluji. Hata hivyo kiwanda kilipozipeleka angani kilibadilisha mengi, na bado vitabu vyake vya maelekezo vinakuonya bila kuficha kwamba injini hii inaweza kuzimika wakati wowote. Wewe unayeitoa injini kwenye pikipiki iliyochakaa, kazi ya kiwanda sasa ni yako. Na onyo linabaki palepale.

Anza na kuifungua yote. Aliyeniuzia yangu aliapa kwamba imekimbia kidogo tu, msimu mmoja na nusu, na huenda alisema kweli. Tatizo la injini hizi ni miezi zinayokaa bila kuguswa. Za mipigo miwili hazina oili ya kusubiri chini; krenkshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli inayopita, basi. Injini ikizimwa na kuachwa, unyevu hutulia chini ya kasha na kuanza kula beringi. Kwangu beringi moja ya krenkshafti ilikuwa na vidoadoa vya kutu vidogo kama vichwa vya sindano, huwezi kuviona bila kuifuta na kuisogeza mwangani. Ukiizungusha kwa kidole unahisi mchanga. Hiyo haiendi angani.

Sili za krenkshafti nazo badilisha hata kama zinaonekana nzima. Sili ikivuja, hewa inaingia pasipotakiwa, mchanganyiko unakosa petroli, na injini inaungua ikiwa na kabureta safi kabisa. Ukishaifunga, ziba njia ya kabureta na ya egzosi, pampu hewa ndani kidogo, kama nusu baa tu, kisha angalia geji huku ukipaka maji ya sabuni kwenye maungio. Kazi ya dakika kumi. Mimi niligundua gasketi ya chini ya silinda inapumua, na nilikuwa nimeifunga kwa mikono yangu mwenyewe nikijisifu.

Sasa hesabu ya propela, maana hapa ndipo watu hutaka kukwepa gharama. Injini hizi hutoa nguvu zake karibu na mizunguko 6,500 kwa dakika. Chukua propela yenye kipenyo cha mita 1.73 uifunge moja kwa moja kwenye krenkshafti: ncha zake zitakuwa zinakwenda karibu mita 590 kwa sekunde. Sauti husafiri mita 340 hivi. Utapata kelele ya kutisha na msukumo kiduchu. Weka giaboksi yenye uwiano wa 2.58 na propela inashuka hadi mizunguko 2,500 na ushei, ncha zikienda mita 228 hivi kwa sekunde. Hapo propela inakamata hewa.

Wapo wanaotumia mkanda na puli badala ya gia, na mkanda uliopangwa vizuri unafanya kazi. Ila usidhani kila kasha la injini ya theluji lina mahali pa kufungia giaboksi ya ndege. Pima kwanza, nunua baadaye. Halafu kuna mtikisiko wa kujipinda: injini ya silinda mbili husukuma kwa vishindo, na propela ni gurudumu zito lisilopenda vishindo. Katikati lazima kuwe na mpira au kitu cha kumeza mapigo. Ndiyo maana giaboksi zina kikomo cha uzito wa mzunguko wa propela. Ile ya aina ya B ya Rotax ni 3,000 kwa kipimo cha kilo na sentimita za mraba, ya C ni 6,000. Propela nzito kwenye giaboksi ndogo itakuvunjia meno ya gia. Injini ikiwa inanguruma chini ya mizunguko 2,000 utasikia gia zikigongana kama vijiko kwenye sufuria. Iongeze kidogo, usiiache hapo.

Klachi ya pikipiki ikishatoka (tafuta kifaa chake cha kuvutia, usigonge nyundo kwenye krenkshafti), umeondoa kitu kilichokuwa kinailea injini. Kwenye theluji, ule mkanda unaojibadilisha wenyewe uwiano huiweka injini kwenye mizunguko inayoipenda, na mwendeshaji huiminya kwa sekunde chache, anaachia, anaminya tena. Ndege inataka nguvu zote wakati wa kupaa, kisha nguvu nyingi kwa muda mrefu bila kupumzika. Na propela ni mzigo wa aina nyingine kabisa: nguvu inayotaka huenda kwa mchemraba wa mizunguko. Punguza mizunguko kwa nusu na propela inataka sehemu ya nane tu ya nguvu. Kwa hiyo kabureta iliyopangwa kwa ajili ya mkanda haijui chochote kuhusu maisha yake mapya.

Nirudi kwenye majani nilikotua.

Mzee aliyenifundisha injini hizi alikuja, tukatoa silinda. Akaishika pistoni, akaigeuza taratibu. Upande mmoja ulikuwa unang'aa kama mpya. Upande wa egzosi alumini ilikuwa imeyeyuka na kupakaa kama siagi juu ya pete.

"Unaona? Upande wa egzosi tu. Hii ilikuwa na njaa."

"Lakini mzee, geji ya joto ilisoma sawa mpaka mwisho."

"Ya silinda gani?"

Sikujibu, maana jibu alilijua. Nilikuwa nimeweka sensa moja ya joto la egzosi, kwenye silinda ya kushoto, kwa sababu geji ya mishale miwili niliiona ghali. Iliyoshika ni ya kulia.

Njaa yenyewe, yaani upungufu wa petroli, niliileta mimi. Pikipiki ya theluji hupangiwa jeti (vitundu vya kupitishia petroli kwenye kabureta) za hewa baridi, hewa nzito, hivyo mahali pa joto injini hupata petroli nyingi kupita kiasi. Nikapunguza jeti kuu, sawa. Kisha nikaona plagi zinachafuka nikitembeza ndege chini, nikapandisha kile kipini cha sindano ngazi moja ili sindano ishuke. Plagi zikawa safi, nikafurahi. Sikufikiri kwamba kwenye kabureta ya aina hii sindano ndiyo inayotawala kuanzia kama robo hadi robo tatu ya mafuta, yaani safari yangu karibu yote. Jeti kuu niliyoipima kwa makini inafanya kazi wakati wa kupaa tu.

Kisha kuna tabia ambayo hukuti kwenye pikipiki. Mzigo wa propela ukipungua, joto la egzosi hupanda. Ukiinamisha pua, upepo unaisaidia propela kuzunguka, mizunguko inabaki juu wakati wewe umerudisha mafuta nusu, na injini iliyokuwa inakaribia njaa sasa ina njaa kweli. Mzigo ukizidi mambo hugeuka: joto la egzosi hushuka na la kichwa cha silinda hupanda. Kwa hiyo hata kubadilisha pembe ya mapanga ya propela ni kubadilisha kabureta, hata kama bisibisi hujaigusa. Ukipunguza pembe leo ili upate kupaa kwa kasi, rudi kwenye geji zako kesho asubuhi.

Kwa 503, Rotax wanaweka mwisho wa joto la egzosi kwenye nyuzi 650, na silinda mbili zisitofautiane zaidi ya nyuzi 25. Injini yako ya theluji inaweza kuwa na namba zake, lakini hiyo tofauti ya 25 ichukue kama sheria. Silinda moja ikianza kuachana na mwenzake, kuna jambo: uvujaji, kabureta mbili hazifunguki pamoja, uchafu kwenye jeti. Sensa mbili, tafadhali. Kama fedha haitoshi, usipake ndege rangi kwanza.

Za kupozwa kwa maji zina mtego wao tofauti. Kwenye pikipiki, maji hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda wa chini. Angani inabidi uweke rejeta, na rejeta ya kutosha kwa kupaa ni kubwa mno kwa kushuka. Unashuka kwa muda mrefu mafuta yakiwa chini kabisa, maji kwenye rejeta yanakuwa baridi, kisha unasukuma mafuta ghafla. Pistoni inapata moto na kutanuka, silinda bado imebanwa na maji baridi, vinakutana. Hapo alama hutokea sehemu nne kuzunguka pistoni, ndivyo utakavyojua kwamba haikuwa njaa. Weka themostati yenye njia ya pembeni ili maji yazunguke ndani ya injini yakiwa bado baridi, na usiwahi kupaa kabla geji ya maji haijapanda. Yangu hupozwa kwa hewa ya feni, na feni na mabati yake yote ya kuelekeza hewa niliyaacha kama yalivyokuja. Kuna waliotoa mabati ili ipendeze. Mimi simo.

Egzosi usiikate. Lile tumbo lake limepimwa ili mawimbi yarudi na kurudisha mchanganyiko unaotaka kutoroka kwenye silinda. Ukilifupisha ili likae vizuri chini ya ndege unakuwa na injini nyingine usiyoijua. Tafuta namna ya kuizungusha kwa viungo vinavyocheza, na kila springi inayoshikilia ipitishe waya wa usalama ndani yake, maana springi hukatika kwa mtikisiko. Kama propela yako iko nyuma, unajua springi hiyo inakwenda wapi.

Umeme nitasema kidogo. Za zamani zina mfumo mmoja wa kuwasha na plagi moja kwa silinda, na ukiweza kupata yenye mifumo miwili, chukua hiyo. Za kisasa zenye kompyuta naziogopa kwa sababu moja: kompyuta ikihisi joto limezidi hupunguza nguvu ili kuiokoa injini. Kwenye theluji ni busara. Ukiwa mita 30 juu ya miti, afadhali injini ife baadaye kwa joto kuliko kuokolewa wakati huo. Kuna pia wanaofunga Yamaha za mipigo minne, sentimita za ujazo 998, silinda nne, zinazozunguka karibu mara 10,000 kwa dakika. Nimezisikia zikiruka, ni tamu, lakini uzito wake unataka ndege iliyochorwa upya kuanzia kwenye kitovu cha uzito, na hayo si ya makala hii.

Baada ya kukarabati, niliifunga ndege mkia kwenye nguzo kwa kamba mbili, kila kamba na fundo lake, nikaikimbiza saa kumi kabla ya kuondoka ardhini tena. Vipande vya nusu saa, nusu saa. Nikikaa robo ya mafuta, naandika joto la silinda zote mbili, theluthi, naandika, nusu, naandika, mpaka mwisho. Kizima moto karibu, na hakuna mtu anayesimama usawa wa propela, hata anayeleta maji. Pale kwenye nusu ndipo nilipoliona shimo: joto lilipanda nyuzi 40 kisha likashuka nilipoongeza mafuta. Sindano ikarudi ngazi moja juu, shimo likajaa. Plagi zinachafuka kidogo nikitembea chini, naziacha zichafuke, nazisafisha jioni.

Nchini Marekani, ndege ya kujitengenezea yenye injini isiyo na cheti imezoeleka kupewa saa 40 za majaribio badala ya 25 za yenye injini yenye cheti, mbali na watu. Hata kama unakoishi hakuna anayekudai saa hizo, jidai mwenyewe, na katika zote hizo uwe na mahali pa kutua bila injini palipo ndani ya uwezo wa ndege yako kuelea.

Kushuka siku hizi nashuka kwa namna mbili tu. Ama narudisha mafuta yote na kuinua pua kidogo ili propela isikimbizwe na upepo, nikisukuma kidogo kila baada ya muda kuipasha injini, ama nabaki na nguvu za kutosha ili propela iendelee kuvuta. Ile nusu ya katikati, pua chini, sikai hapo tena.