Nunua kitanda kwanza

Ujumbe ulioingia Jumapili usiku nimeusoma mara tatu. Dada mmoja wa Moshi, amesomea ualimu, amekaa mtaani miaka minne akisubiri ajira. Sasa jina limetoka na amepangiwa Nkasi, mkoani Rukwa. Badala ya kushangilia, analia. "Shikamoo dada mwalimu. Huko si ndiko kwa wachawi? Una mwalimu yeyote wa kubadilishana naye vituo, aliye huku Kilimanjaro? Mchumba wangu anasema nikienda huko, basi."

Ningemjibu kwa mistari miwili kama si hiyo sentensi ya mwisho. Hiyo imenigusa pabaya.

Mwaka 2010 na mimi niliajiriwa. Hisabati na Fizikia, sekondari. Nilizaliwa Korogwe, nikakulia Korogwe, na safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya chuoni Dar es Salaam. Orodha ilipotoka nilikuta jina langu mbele ya neno Newala. Ilibidi niulize iko wapi. Mjomba akasema, "Huko ni karibu na Msumbiji," kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba.

Tuliondoka Ubungo alfajiri. Wanaoijua njia ya kusini ya miaka ile hawahitaji kusimuliwa habari za Ndundu na Somanga: kilomita 60 zisizo na lami, na ilikuwa Februari, mvua imeshika. Basi likazama. Wanaume wakashuka kusukuma, kisha tukaambiwa na sisi wanawake tushuke ili lipungue uzito. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino, maana nilitaka nifike nikiwa mwalimu. Tulilala njiani. Kesho yake jioni nilishuka Newala nikiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na nikajiapiza kwamba sitamaliza mwaka pale.

Nilikaa minne.

Kosa langu lilianzia kwenye kiapo hicho. Nilipanga chumba, nikanunua godoro, jiko la mafuta ya taa na ndoo mbili. Kitanda nilikataa. Fundi seremala alikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwangu, mninga anao, bei nzuri, na kila nikipita ananiuliza, "Mwalimu, kitanda lini?" Nami namjibu, "Nahama mwezi ujao." Mwezi ujao wangu ulichukua miaka minne. Nililala sakafuni hadi nge akaniuma kisigino alfajiri moja, nikapiga kelele nusu ya mtaa wakaja. Hata baada ya nge sikununua. Nilinunua dawa ya wadudu.

Na tangazo langu likaendelea kuzunguka kwa walimu wote niliowajua: mwalimu wa Hisabati na Fizikia, yupo Newala, anatafuta wa kubadilishana naye kutoka Tanga, Pwani au Dar. Sasa jiulizeni, ni nani aliye Tanga mjini anayetaka kuja kulala sakafuni?

Kuna jambo sijawahi kulisimulia humu. Newala, mkoani Mtwara, ipo juu ya uwanda wa Makonde. Ardhi ya kichanga, maji ya mvua yanazama, mito huioni, na wakazi wa zamani walikuwa wakishuka mabondeni kuyafuata maji na kupanda nayo kichwani. Ndiyo maana nyumba yenye bati ina mfereji na tangi la kukinga mvua, na maji hayo yanatunzwa kama akiba ya benki. Mimi sikulijua hilo, au nilijua nikapuuza. Korogwe tuna Mto Pangani. Sisi maji tunaogopa yasituchukue. Ikafika Septemba, kiangazi kimekolea, mabomba kimya, nami jioni nikachota ndoo mbili kwenye tangi la mama mwenye nyumba. Nikaoga, nikaosha nywele, nikajimwagia.

Nilipotoka bafuni alikuwa amekaa barazani. "Mwalimu, leo umefua?"

"Hapana mama. Nimeoga."

Hakusema kitu. Alinitazama, akautazama ule mchirizi unaotoka bafuni, kisha akaingia ndani. Keshokutwa yake nikiwa naandika ubaoni nikasikia kutoka nyuma ya darasa, kwa sauti ya chini: Mwalimu Ndoo Mbili. Jina hilo lilinifuata mpaka naondoka. Wazazi walilijua, wauza samaki sokoni walilijua. Niliwachukia kwa ajili yake, tena sana. Ilinibidi kupita kiangazi kingine kizima ndipo nikafahamu kwamba yule mama kwa ndoo mbili anapika, anaosha vyombo na kuogesha wajukuu watatu. Sikuwahi kumwomba radhi kwa maneno. Nilimpelekea sukari, akapokea, akanipa kochoko, yale mabibo yaliyokaushwa, na mambo yakaishia hapo. Natamani yangeishia vizuri zaidi.

Wakati mimi nahesabu siku, mwalimu mwenzangu tuliyeripoti wiki moja alikodi mikorosho. Akajifunza kupuliza salfa ili ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, usile maua, akawa anarudi shambani amejaa vumbi la njano mpaka kope. Nilimcheka. Nilimwona amekuwa mwanakijiji. Msimu wa tatu baada ya mnada wa korosho alinunua kiwanja na bado akabakiwa na fedha, nami nilikuwa na godoro lililobonyea katikati. Kuna mahali panaitwa Shimo la Mungu, pale Newala, ukisimama ukingoni unaona bonde lote la Ruvuma chini yako na asubuhi ukungu umelijaza kama maziwa. Watu wanasafiri kuja kupatazama. Mimi nilifika hapo mara ya kwanza zikiwa zimebaki wiki mbili nihame.

Sasa huyo mchumba. Wangu naye alisema nikienda huko, basi, ila alinipa muda. Mwaka wa pili akapanga kuja kunitembelea. Akafika Lindi, akalala, asubuhi akapanda basi la kurudi Dar. Akanipigia simu akaniambia hawezi kuoa mwanamke wa porini. Nilikuwa nimeshamnunulia ming'oko, vile viazi pori vya kusini, na pweza, na nimeazima kitanda. Ndiyo, kwa ajili yake niliazima kitanda. Kwa ajili yangu sikununua.

Serikali ilipohamia Dodoma, ofisi ya huyo mchumba wangu wa zamani ikahama nayo. Nasikia kila siku analalamikia vumbi. Simcheki. (Namcheka kidogo.)

Mwaka 2013, wakati wa zile vurugu za gesi, watu wa Mtwara wakipinga bomba la kuipeleka Dar, mama alinipigia akilia niondoke kusini hata kwa miguu. Mwaka uliofuata nikampata wa kubadilishana: mwalimu mzaliwa wa Masasi aliyekuwa Makete, mkoani Njombe, na aliyetaka kurudi kwao kuliko mimi nilivyotaka kuondoka. Hatukuwahi kuonana. Nilisaini karatasi bila kuuliza Makete pakoje, nikitosheka kwamba si Newala.

Makete ni baridi. Watu wa pwani mkisikia baridi mnafikiria Lushoto. Sahauni Lushoto. Juni na Julai unaamka majani yamepauka kwa barafu, kanga uliyoanika jana imekakamaa kama bati. Wiki ya kwanza nilifanya kama wageni wengi: nikaingiza jiko la mkaa chumbani, nikafunga madirisha, nikalala. Niliamka usiku kichwa kinapasuka, natapika, miguu hainibebi, nikajikokota hadi mlangoni. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuonya. Katika makala hii yote, mkisahau mengine, hili mlishike: jiko linabaki nje.

Na sakafu ya saruji ya Makete hailaliwi. Kwa hiyo kitanda changu cha kwanza nilinunua kwa sababu ya baridi, si kwa sababu ya hekima, sitaki kuwadanganya. Nilikwenda kwa fundi, akaniuliza swali ambalo sijawahi kulisahau: "Mwalimu, nikutengenezee cha kukaa au cha kuhama?" Cha kuhama kina misumari michache, kinafunguka haraka. Nikasimama pale kibandani, mbao za paini zinanukia, nikajikuta nasema cha kukaa.

Basi hapo ndipo nilipoanza kuishi. Mke wa fundi alikuja kutandika, akaona nina shuka moja, akanipeleka mnadani kuchagua mablanketi ya mitumba. Kupitia yeye nikaingia kwaya. Kupitia kwaya nikajua misiba, na kijijini ukishajua misiba umejua kila mtu. Wakinga, wenyeji wa Makete, wanajua biashara, nusu ya familia niliyokutana nayo ina mtu Kariakoo, na kazi yao ikanitia aibu: mimi na mshahara wangu nilikuwa sina hata kuku. Fundi akaniuzia eka moja na miche ya paini. Mipaini haina haraka, inataka miaka zaidi ya kumi, na mtu anayehama mwezi ujao hawezi kuipanda. Niliipanda. Leo inanizidi urefu mara nyingi. Na Kitulo, ile hifadhi ya maua, nilikwenda mapema safari hii, mwezi wa Februari, maua yamefunika uwanda wote, nikarudi mwaka uliofuata tena.

Mwaka 2018 nilihamia Sengerema, mkoani Mwanza, kwa sababu za kifamilia ambazo ni zangu. Huko sina mengi ya kusimulia kwa kuwa sikuhangaika. Nilijua la kufanya. Siku ya pili nilikuwa na kitanda, wiki ya kwanza nilikuwa najua kusema mwangaluka na wabeja, salamu na asante za Kisukuma, mwezi wa kwanza nilikuwa nakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kama mzaliwa. Kilichonishangaza ni salamu tu: mtoto wa kike wa kwanza kunisalimia alikunja magoti mpaka nikadhani anaanguka, nikamdaka. Darasa zima lilicheka. Mateso yalikuwa foleni ya pantoni ya Kigongo na Busisi, saa nzima unatazama ng'ambo unakokwenda. Mwaka 2025 daraja likafunguliwa, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, mimi nimeshaondoka. Ndivyo bahati yangu ya barabara ilivyo: kule kusini nako lami ilikamilika nilipokuwa nimehama.

Sasa nipo Korogwe tena. Dada yangu anasema naongea Kisukuma. Nikiona mtu anaacha bomba wazi napandwa na hasira, nalifunga mwenyewe, hata kwa jirani.

Nchi hii ina mikoa 31, nami nimeishi mitano ukihesabu na Dar ya chuoni, kwa hiyo simfundishi mtu Tanzania. Ila vijana wa siku hizi mnanisikitisha. Mnasubiri ajira miaka, mnaipata, halafu mnaanza kutafuta wa kubadilishana kabla hamjaripoti! Hivi mwanafunzi wa Nkasi kakosa nini hata mwalimu wake aje na begi lisilofunguliwa? Nami nilikuwa hivyo, ndiyo maana nina haki ya kusema. Fungua begi. Nunua kitanda. Jifunze salamu. Nenda msibani hata kama marehemu humjui. Uliza maji yanatoka wapi kabla hujaoga. Na nunua kitanda, narudia, hata kama barua ya uhamisho ipo mezani.

Mdogo wangu wa Moshi, Rukwa sijaishi, lakini nimesoma na watu wa huko na sikumwona hata mmoja akiruka na ungo. Ninachojua ni kwamba mahindi yamejaa, makao makuu ya wilaya yako yapo Namanyere, na ukishuka Kirando au Kipili unaoga Ziwa Tanganyika na kula mgebuka wa siku hiyo hiyo. Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ni lami tupu. Vaa kisigino ukitaka. Kuhusu mchumba, mwambie aje akutembelee. Akiishia njiani, jibu utakuwa umeshalipata, na nauli ni yake.

Kitanda changu cha paini nilikipakia kwenye lori kutoka Makete hadi Sengerema, na kutoka Sengerema hadi hapa. Ndicho ninacholalia. Mguu mmoja ulipasuka siku tunaingia kwenye pantoni, nikaufunga kwa waya. Fundi wa hapa Korogwe kila akipita ananiuliza atautengeneza lini. Namwambia bado.