Jibu: Mdogo wangu amesainishwa karatasi shambani Urambo

Pole, dada. Kama nimekuelewa, mdogo wako ametoka Kasulu kuja kwenye tumbaku, bosi anashikilia kitambulisho chake cha NIDA, na amemsainisha kwamba hatadai chochote wala kuondoka hadi bani (banda la kukaushia tumbaku) la mwisho likauke.

Hiyo karatasi isimtishe. Haki za binadamu mtu huzaliwa nazo, hazitolewi na bosi, kwa hiyo haziwezi kuuzwa kwa saini. Ibara ya 25 ya Katiba ya Tanzania inakataza kazi ya shuruti, na ya 23 inampa kila anayefanya kazi malipo ya haki. Hata angekuwa Mrundi asingefungiwa shambani. Na haki hizi zinashikana: akinyimwa ujira na kitambulisho, hata uhuru wa kwenda atakako umeondoka.

Ila haki haifuti deni. Kama alikopeshwa unga au nauli (mabosi wengi huanzia hapo), bosi adai kwa sheria, asimzuie mtu.

Apige picha ile karatasi na aandike siku alizofanya kazi. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji, kisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (inayoamua migogoro ya kazi), Tabora. Msichelewe: madai ya mshahara yana siku 60, kuachishwa kazi siku 30. Mkishindwa kumlipa wakili, afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri awaelekeze kwa msaada wa kisheria wa bure.

Akipigwa au kufungiwa, polisi kwanza. Usiende kumchukua peke yako usiku.