Maswali ya Wasomaji: Msimu wa Besiboli wa 1908 Juu ya Meza

SWALI: Shikamoo Mhariri. Likizo iliyopita nilikwenda kumtembelea mjomba wangu anayeishi Columbus, Ohio. Kila usiku akitoka kazini nilimkuta amekaa mezani na kadi, dadu tatu na daftari kubwa. Dadu huzirusha ndani ya sinia lililotandikwa kitambaa, ili zisiwaamshe watoto. Aliniambia kwamba anaucheza upya msimu mzima wa besiboli wa 1908 na kwamba amefika mwezi wa Juni. Mimi nilidhani ni kamari. Je, kadi na dadu zinawezaje kuwa mchezo wa watu waliokwisha kufa? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Mjomba wako hachezi kamari, kwa sababu hapo mezani hakuna anayeweka wala anayeliwa. Anachokifanya ni kuigiza msimu wa zamani, mechi moja baada ya nyingine, akiwatumia wachezaji wale wale na ratiba ile ile, huku dadu zikiamua kila mpigaji alifanyaje zamu yake ilipofika. Michezo ya aina hii imeuzwa Marekani kwa miaka mingi: APBA ilianza kuuzwa mwaka 1951 kutoka Lancaster, Pennsylvania, na Strat-O-Matic, iliyobuniwa na Hal Richman wa New York, ikafuata mwaka 1961. Kwa kuwa umezitaja dadu tatu, nadhani mjomba wako anatumia hiyo ya pili, nami nitaieleza hiyo.

Katika besiboli, mrushaji wa timu moja humrushia mpira mpigaji wa timu nyingine, na mpigaji akiupiga vizuri hukimbilia vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la almasi. Akivimaliza vyote, timu yake inapata pointi. Zamu ya timu kupiga huisha watu wake watatu wakishatolewa, na kila timu ina zamu tisa. Hebu sasa tutazame mrusho mmoja wa dadu. Kila mpigaji ana kadi yenye safu tatu za matokeo, na kila mrushaji anayo yake yenye safu tatu. Dadu nyeupe huchagua safu: ikitoka 1, 2 au 3 tunasoma kadi ya mpigaji, na ikitoka 4, 5 au 6 tunasoma kadi ya mrushaji. Dadu mbili zilizobaki hujumlishwa, na jumla yake, kuanzia 2 hadi 12, ndiyo mstari wa kusomwa. Ujuzi wa mtengenezaji umejificha katika mistari hiyo, kwa kuwa haina uzito sawa: 7 hutoka mara 6 katika kila michanganyiko 36, lakini 2 hutoka mara 1 tu. Mpigaji hodari huwekewa mapigo mazuri kwenye 6, 7 na 8, na aliye dhaifu huwekewa kwenye mistari ya pembeni.

Mchukue Honus Wagner wa Pittsburgh. Mwaka 1908 wastani wake wa kupiga ulikuwa .354, maana yake ni kwamba katika kila majaribio 1,000 angefika kituoni kwa pigo lake mara 354, ilhali wastani wa ligi nzima ulikuwa .239 tu. Nusu ya mirusho ya dadu itaangukia kadi ya mrushaji, ambayo kwa kawaida itampa kama .239. Kwa hiyo, ili wastani wake ubaki .354, kadi yake mwenyewe inapaswa kuwa na nguvu ya karibu .469. Nilipoifanya hesabu hii kwa penseli kwa mara ya kwanza ndipo nilipouheshimu mchezo huu, kwani niliona kwamba aliyezitengeneza kadi hakunakili takwimu tu, bali alijiuliza kila takwimu ilipatikana dhidi ya nani.

Mwambie mjomba, kwa heshima, awe mwangalifu katika mambo mawili. La kwanza ni uchovu. Ed Walsh wa Chicago White Sox alirusha zamu 464 mwaka ule na kushinda mechi 40. Ni mzigo wa kutisha, lakini hata yeye hakurusha kila siku, na anayemwita kila mechi kwa sababu kadi yake ni kali anaigiza msimu ambao mkono wa binadamu usingeuweza. La pili ni wachezaji waliopiga mara chache. Mtu aliyejaribu mara kumi akafanikiwa mara sita atakuwa na kadi kali kumshinda Wagner. Akae benchi alikokaa mwaka 1908.

SWALI: Mhariri, salaam. Kwa nini mtu apoteze saa zote hizo kurudia ligi ambayo bingwa wake anajulikana? Ushindi wa Chicago Cubs wa mwaka 1908 uko vitabuni. — Msomaji, Mombasa

JIBU: Salaam nyingi ndugu yangu. Kuhusu saa, una haki ya kushangaa. Kila ligi kati ya mbili kuu ilikuwa na timu nane zilizopangiwa mechi 154 kila moja, yaani mechi 616 kwa ligi. Ikiwa mechi moja mezani inachukua nusu saa, ligi moja ni saa 308. Lakini kuhusu bingwa nakupinga, tena nakupinga kwa moyo wote, kwa sababu 1908 ndio mwaka unaoonyesha jinsi neno “bingwa” lilivyo jembamba.

Chicago Cubs walimaliza na ushindi 99 na vipigo 55. New York Giants walishinda 98 na kupoteza 56, na Pittsburgh Pirates vilevile. Katika mechi 154, timu tatu zilitenganishwa na mechi moja, na mechi hiyo ina kisa chake. Tarehe 23 Septemba, katika uwanja wa Polo Grounds jijini New York, Giants na Cubs walikuwa 1 kwa 1 mwishoni mwa zamu ya tisa, na watu wawili wa Giants walikuwa wameshatolewa. Moose McCormick alikuwa kituo cha tatu, na kituo cha kwanza alikuwapo Fred Merkle, kijana wa miaka 19. Al Bridwell akapiga mpira mzuri kuelekea katikati, McCormick akaingia nyumbani, yaani kituo cha nne na cha mwisho, na mashabiki wakamiminika uwanjani wakijua wameshinda. Merkle alipouona umati ule aligeuka kuelekea chumba cha kubadilishia nguo bila kukigusa kituo cha pili, alikotakiwa kufika ili kumpisha Bridwell, kama wengi walivyozoea kufanya wakati ule. Johnny Evers wa Cubs aliitisha mpira, akasimama nao juu ya kituo, na mwamuzi Hank O'Day akaamua kwamba Merkle ametolewa na pointi haihesabiki. Uwanja ukiwa umejaa watu na giza likiingia, mechi ikahesabiwa kuwa sare. Timu zilipolingana mwishoni mwa msimu, ilibidi irudiwe tarehe 8 Oktoba. Cubs wakashinda 4 kwa 2, kisha wakawafunga Detroit katika fainali. Hawakulitwaa tena taji hilo hadi 2016. Merkle aliitwa mpumbavu hadi alipofariki mwaka 1956, jambo ambalo mimi naliona ni dhuluma kwa kijana aliyefuata mazoea ya wakubwa wake.

Sasa rudi mezani. Hakuna mstari katika kadi ya Merkle usemao “anasahau kituo cha pili”. Kadi zimebeba uwezo wa wachezaji, hazikubeba siku ile. Na hesabu ya uwezo inasema hivi: timu yenye uwezo wa kushinda mechi 98 kati ya 154, ukiurudia msimu wake mara nyingi, katika kila misimu mitatu takriban miwili itamaliza popote kati ya ushindi 92 na 104. Pengo la kawaida la bahati ni kama mechi sita kila upande, wakati pengo lililompa Chicago ubingwa lilikuwa mechi moja. Ukiucheza msimu huo mara kumi, usishangae kuona mabingwa watatu tofauti. Sisi wa mpira wa miguu husema mpira unadunda. Mjomba wa msomaji wetu wa Morogoro anapima, usiku baada ya usiku, unadunda kiasi gani. Hata ile ligi kuu nyingine inampa kazi: Detroit walitwaa ubingwa kwa ushindi 90 na vipigo 63, Cleveland wakiwa na 90 na 64, kwa sababu Detroit walibakiwa na mechi moja ambayo kanuni za wakati ule hazikuwalazimisha kuicheza. Mezani inaweza kuchezwa.

SWALI: Nimeona orodha ya kadi za miaka hiyo na sikuona mchezaji mweusi hata mmoja. Je, hawakuwapo, au wameachwa? — Msomaji, Toronto

JIBU: Walikuwapo, ndugu yangu, na walifungiwa mlango. Ligi kuu za 1908 hazikumchukua mchezaji mweusi, na hali hiyo iliendelea hadi tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Jijini Chicago kwenyewe, wakati Cubs wakishangiliwa, Rube Foster alikuwa akirusha na kuongoza timu ya watu weusi ya Leland Giants. Mwaka 1909 timu hizo mbili zilikutana katika mechi tatu za kirafiki. Cubs walishinda zote, lakini katika moja Foster mwenyewe alirusha na ikaisha kwa tofauti ya pointi moja tu. Mwaka 1920 ndiye aliyeanzisha Negro National League.

Shida ya mtengenezaji kadi ni kwamba mwaka 1908 watu hao hawakuwa na ligi yenye vitabu vya takwimu, hivyo kumpa Foster safu tatu za haki ni kazi ya kupekua magazeti ya zamani, mechi kwa mechi. Kwa misimu ya 1920 hadi 1948 kazi kubwa imeshafanyika, na Desemba 2020 uongozi wa besiboli ya Marekani ulizitambua ligi saba za watu weusi kuwa ligi kuu. Kwa hiyo anayeigiza msimu wa 1908 aandike katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake kwamba hizi ni timu kumi na sita za weupe, ili atakayelisoma baadaye asidhani kwamba Wagner alipimwa dhidi ya warushaji wote wa nchi ile.

SWALI: Ningependa kujaribu, lakini sina saa 308. Nianzie wapi? — Msomaji, Arusha

JIBU: Anza na mechi moja, ile ya tarehe 8 Oktoba 1908. Wawekee New York mrushaji Christy Mathewson, aliyeshinda mechi 37 mwaka ule, na Chicago uwawekee Jack Pfiester, huku kadi ya Mordecai Brown ikiwa karibu na mkono wako, maana siku yenyewe Pfiester alizidiwa katika zamu ya kwanza na Brown akaitwa mara moja. Siku hiyo Cubs walipata pointi zao zote nne katika zamu ya tatu, iliyoanza kwa Joe Tinker kuupitisha mpira juu ya kichwa cha Cy Seymour wa Giants na kufika kituo cha tatu. Ukifika zamu hiyo, Tinker akiwa na zamu ya kupiga, zichukue dadu zako tatu uone Mathewson wako atamfanyaje.