Barua kwa mwanangu: ndege nzima inagongaje ardhi?

Mwanangu mpendwa,

Kuhusu ile ajali unayoifuatilia, umeniuliza kama ndege ya kijeshi isiyo na hitilafu yoyote inaweza kugonga ardhi usiku bila rubani kuwa mzembe. Inaweza. Na hilo neno "uzembe" huniuma ninapolisikia likitamkwa kabla hata miili haijapatikana.

Marubani wa kijeshi huruka chini sana usiku kwa sababu rada ya adui huona kwa mstari ulionyooka. Ukipita nyuma ya vilima haikuoni, na giza linakuficha machoni pa watu.

Sasa piga hesabu nami. Ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa, yaani mita 250 kila sekunde, ikiwa mita 60 tu juu ya ardhi. Rubani anakata kona, anageuka kumtazama mwenzake, pua inashuka digrii 3. Mwili wake hauhisi lolote, maana kona inamkandamiza kitini vilevile kama mwanzo. Kwenye tambarare, ardhi anaifikia chini ya sekunde 5. Penye mwinuko, hata hizo hana.

Miwani ya kuonea usiku ni msaada mkubwa, lakini nyingi huonyesha duara la digrii 40 hivi, wakati macho matupu hufikia karibu 200. Umbali ni vigumu kuukadiria, na mwezi ukikosekana picha hufifia. Altimita ya redio, yaani kipima kimo kinachotumia mawimbi ya redio, nayo hupima kilicho chini ya tumbo la ndege, si mlima ulio mbele.

Na hatari ya usiku si ardhi tu. Juni 1996, karibu na Townsville, Australia, helikopta mbili aina ya Black Hawk ziligongana usiku mazoezini, marubani wakiwa na miwani hiyo. Walikufa wanajeshi 18, wengi wao wa kikosi maalumu. Nani atawaita hao wazembe?

Tangu 2014 kuna ndege za kivita za Marekani aina ya F-16 zenye mfumo unaoinua ndege wenyewe inapokaribia kugonga ardhi na rubani asipochukua hatua, na umeshaokoa maisha. Kwa hiyo ripoti ya ajali unayoifuatilia ikitoka, usiishie kwenye "kosa la rubani". Tazama kama kulikuwa na mwezi, nani alipanga kimo kile, marubani walikuwa wamefanya mazoezi ya usiku kiasi gani karibuni, na kama ndege ilifungwa mfumo wa namna hiyo. Ukiipata nitumie, tuisome wote.

Baba yako