Kabla ya Kushika Waya, Mtazame Mchezaji

Mpwa wangu alikuwa na miaka tisa aliponiambia, "Mjomba, hii yangu haijachomekwa."

Tulikuwa kwenye banda la gemu hapa Mwanga, Kigoma. Kaka yake alikuwa anacheza mpira kwenye PlayStation, na yeye, kama siku zote, alikuwa amepewa pedi mbovu ya kuchezea gemu aishike asilie. Ana mtindio wa ubongo. Vidole vyake havikunjuki vizuri, na akifurahi tu misuli inakaza mkono mzima. Sote tuliamini hatambui. Kumbe alijua, na hata leo naogopa kumuuliza alijua tangu lini.

Mimi ni fundi wa redio na simu. Nimeshamtengenezea pedi nne. Mbili za kwanza hazikufaa kitu, na ningependa mzazi au fundi mwenzangu asipite nilikopita.

Kosa langu lilikuwa kuanza na pedi. Nilichonga sanduku zuri la mninga, nikapanga vitufe vinane vikubwa, nikapiga msasa na vanishi. Alipoweka mkono alibonyeza vitatu kwa mpigo, na kila alipojaribu kuutoa mkono ukazidi kukaza. Alilia. Nilikuwa nimetengeneza pedi ya kawaida, ila kubwa.

Nilipoanza upya, sikushika kifaa chochote kwanza. Nilikaa naye siku tatu nikitazama tu: anakula vipi, anafukuza nzi kwa mkono upi, anasukuma nini anapokasirika. Niligundua kwamba goti lake la kushoto linakwenda nje kila anapotaka, bila kukosea, hata akichoka. Kiganja cha kulia kinasukuma mbele vizuri, lakini hakiwezi kuinuka haraka. Basi hivyo ndivyo tulivyokuwa navyo: goti moja na kiganja kimoja. Ukipata viungo viwili vya uhakika, usitafute cha tatu kwa tamaa.

Halafu mkao. Miguu yake ilikuwa inaning'inia kitini, na mwili usio na pa kukanyaga hujikaza wenyewe. Nilimwekea matofali mawili chini ya nyayo, mikono ikalegea palepale. Kama kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo karibu nawe, muulize kuhusu kukaa kwanza, waya baadaye.

Ufundi wenyewe si mgumu. Chukua pedi ya USB ya bei nafuu inayokubali kwenye mashine yako na uifungue. Chini ya kila kitufe kuna mpira wenye kidoti cheusi cha kaboni. Ukibonyeza, kidoti kinaunganisha njia mbili za shaba kwenye bodi. Lehemu waya mmoja kwenye kila njia, kisha nyaya hizo zitoe nje mpaka kwenye tundu la 3.5 mm, lile la hedfoni. Sasa chochote kitakachogusisha nyaya hizo mbili ni kitufe. Nimechagua tundu hilo kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalotumika kwenye swichi nyingi za watu wenye ulemavu duniani. Xbox Adaptive Controller, pedi ya Microsoft kwa ajili ya watu wenye ulemavu iliyotoka mwaka 2018, ina matundu 19 ya aina hiyo. Bei yake Marekani ilikuwa dola 99.99, na swichi unanunua mwenyewe pembeni. Siku mtu akimletea mpwa wangu moja, swichi zangu zitaingia bila kubadilisha kitu.

Swichi ya goti niliitoa kwenye mausi mbovu ya kompyuta, kwa sababu haidai nguvu. Nikaifunika kwa mfuniko wa kopo la maziwa ya unga, nikabandika kipande cha ndala nyuma isiteleze. Kuizunguka niliweka ukingo ulioinuka kama unene wa kidole, ili mguu ukitetemeka ugonge ukingo kwanza. Ukingo huo ndio uliomaliza tatizo la shuti moja kugeuka tatu. Watoto wengine wenye hali hii hutokwa mate, naye pia, kwa hiyo kila swichi nimeivalisha puto.

Kijiti cha kukimbiza mchezaji nilikirefusha kwa kipande cha bomba la maji na mpira wa tenisi juu. Kikiwa kirefu kinasukumika kwa nguvu ndogo, lakini safari yake inakuwa ndefu, kwa hiyo usizidishe. Changu nilikikata mara mbili.

Kabla ya kuongeza kitufe, ingia pia kwenye mipangilio ya gemu. PlayStation 4 inakuruhusu kuhamisha kazi za vitufe, na matoleo kadhaa ya FIFA yana mpangilio wa vitufe viwili tu. Jambo hili ningelijua mapema, sanduku la mninga lisingekuwepo.

Mechi ya kwanza alifungwa nne bila na kaka yake, ambaye nilikuwa nimemwonya kwa ukali asimwachie hata goli moja. Alikasirika sana, akamwangalia mama yake, kisha akanigeukia mimi.

"Mjomba, ya gotini ishushe kidogo. Tunarudia."

Nikachukua chaki nikaweka alama alipoonyesha, vidole viwili chini ya pale nilipokuwa nimepima mimi.