Kasia moja huzungusha chombo

Lamu

Mwanangu mpenzi,

Waalaikumu salaam. Barua yako imefika, na swali lako nimelisoma mara tatu: daktari amekukuta na sukari, je, uache mashindano ya makasia au uendelee? Umeniandikia na habari za yule Mwingereza mvuta makasia, Steve Redgrave. Dhahabu ya Olimpiki Los Angeles 1984, kisha Seoul, Barcelona na Atlanta. Mwaka 1997 akakutwa na sukari, akawa wa kujidunga insulini, na mwaka 2000 huko Sydney, ana miaka 38, akachukua ya tano. Hiyo ya tano umeipigia mistari miwili. Nimeona.

Lakini Sydney walikuwa wanne chomboni, kila mtu na kasia lake moja. Mita 2,000, wakawashinda Waitaliano kwa sehemu 38 za mia za sekunde: kufumba tu, kufumbua bado. Wewe waniuliza habari ya mwili wako. Mimi nakuuliza, wenzako wanajua?

Babu yako akisema, nami sichoki kuyarudia: kasia moja huzungusha chombo.

Mjomba wako hapendi nikisimulia haya. Kihori kilikuwa chetu sisi wawili, kila asubuhi twavuka kwenda shambani Manda, yeye kulia, mimi kushoto, hata pumzi zake nazijua. Yakaja mashindano ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Akaambiwa mtoto wa kike havuti makasia mbele za watu, naye hakujibu neno. Huko kutojibu ndiko kulikoniuma. Akamchukua kijana mmoja wa Shela, mabavu kama hamali wa bandarini, na mimi nikasimama ukutani na buibui langu.

Yule kijana alivuta kama ang'oa mnazi! Kihori kikapinda, kikapinda tena, mwisho kikaenda kujigonga kwenye jahazi lililotia nanga. Pwani nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote.

Usiku nililia. Mjomba wako alikuwa na homa siku ya tatu, hakumwambia mtu. Mimi niliisikia kwenye kasia lake tulipovuka asubuhi. Ningemwambia yule kijana avute taratibu, wangefika. Sikumwambia. Kasia moja huzungusha chombo, nami nilijua kitazunguka.

Kwa hiyo nikikwambia uache, huenda ni uchungu wangu unaosema. Nikikwambia uendelee, basi mimi ni mama gani? Redgrave mwenyewe baada ya Atlanta alisema atakayemwona karibu na mashua ana ruhusa ya kumpiga risasi, kisha huyo, akarudi majini. Watu wa makasia hamwaminiki. Na mama yake alisemaje? Hilo hukuniandikia.

Sikwambii acha. Sikwambii vuta. Ulimi waniwasha, lakini nimeukunja. Kaa na wenzako kabla ya Ijumaa, uwaambie sukari yako imefika wapi, na siku ikishuka mkiwa katikati ya maji nani atafanya nini. Kisha nipigie, na usimpe mjomba wako simu.

Ile sinia ya halua niliyokuwa nikuletee kwa basi nimempelekea jirani. Nakutumia ng'onda, samaki mkavu.

Mamako